Laini Iliyohamia Muleba

Baba yangu alijifunza kuandika kwenye simu akiwa mzee wa mkongojo, na sababu ilikuwa moja tu: alitaka kunisahihisha. Nilikuwa na blogu. Humo niliandika mambo ya kwetu Kaagya: namna tunavyotandaza nyasi kwenye migomba, namna kahawa ya kutafuna inavyochemshwa na majani yenye harufu kisha ikaanikwa, bibi zangu na ugomvi wao, padri mmoja wa zamani kule Kashozi na paka wake. Mchana nilifundisha sekondari mjini Bukoba, jioni nikirudi kwangu Kahororo nikaandika.

Baba alisoma kila kitu. Kisha aliandika maoni chini yake, kwa herufi kubwa tupu kwa kuwa hakujua namna ya kuzipunguza, Kiswahili kikichanganyika na Kihaya. "MWANANGU HAPO UMEKOSEA. NYASI ZA RWEYA HAZITANDAZWI ZIKIWA MBICHI." Na kila mara alimalizia vilevile: "NI MIMI BABA YAKO." Kana kwamba kulikuwa na mtu mwingine duniani wa kuniambia mbele ya wasomaji kwamba siijui migomba. Wasomaji walimpenda kuliko walivyonipenda mimi. Wengine waliuliza maswali yao kwake moja kwa moja, naye akajibu: lini upande mibuni, kwa nini kibanja, shamba la migomba lizungukalo nyumba, halifagiliwi likabaki wazi, rweya ni nini. Huyo aliyeuliza rweya alikuwa mtu wa Tanga. Baba alimweleza kwa maneno mengi kwamba ni ile nyika ya nyasi iliyo nje ya mashamba yetu, ambako kila mtu anakata nyasi na hakuna anayelima.

Halafu akaugua. Nilimuuguza Mwanza kwa miezi, na huko wodini nikaibiwa simu. Laini ile sikuirudisha. Nilikuwa na nyingine, na akili yangu ilikuwa kwa mgonjwa. Tulirudi naye Kaagya akiwa kwenye jeneza.

Baada ya msiba sikuandika. Blogu ilibaki wazi bila mwenyewe, na kama nyumba isiyo na mtu, ikaingiliwa. Matangazo ya dawa za nguvu za kiume na mikopo ya haraka yakaanza kujipanga kwenye maoni, mengine chini kabisa ya maneno ya baba. Siku niliyoyaona nilikasirika. Nikaifunga blogu nzima kwa kompyuta yangu, isisomwe na yeyote ila mimi, nikajiambia nitaisafisha nikipata moyo. Kabla moyo haujapatikana, kompyuta ikafa.

Ndipo ikaja barua pepe kutoka kwa kampuni ya nje iliyokuwa ikihifadhi blogu za watu bure. Walikuwa wanafunga huduma. Kila mwandishi achukue maandishi yake kabla ya mwisho wa mwezi, yatakayobaki yatafutwa.

Nikaazima kompyuta ya shule. Jina langu, sawa. Neno la siri, sawa. Kisha ikaniandikia kwamba, kwa kuwa haikitambui kifaa hiki, imetuma tarakimu kwenye simu yangu. Ikanionyesha mwisho wa namba. Ilikuwa ile laini iliyoibiwa Mwanza.

Nilikwenda kwa mawakala wa mtandao wa simu. Binti wa pale alitazama kwenye mashine yake, akaniangalia kwa huruma. "Madam, hii laini ilikaa muda mrefu bila kutumika. Ina mtu mwingine sasa."

"Nani?"

"Hilo siwezi kukwambia."

Niliwaandikia wale wa nje. Jibu lilikuja haraka kuliko binadamu anavyoweza kuandika, likinishauri nisubiri tarakimu kwenye simu yangu. Nilikaa kwenye ofisi ya walimu nikilitazama jibu lile, na nikaamua jambo moja: maneno ya baba yangu hayatafutwa na watu ambao hata hawajui kwamba yapo. Nikachukua simu yangu mpya, nikaipigia namba yangu ya zamani.

Ilipokelewa na mwanamke. Nyuma yake nilisikia vyombo vikigongana.

"Haloo, nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha, nikamweleza kwamba namba ile ilikuwa yangu.

"Ilikuwa yako," akasema. "Sasa ni yangu. Nimeisajili kwa kidole changu."

"Najua, dada yangu, siitaki. Ila kuna ujumbe utaingia hapo kwako, una tarakimu sita. Naomba tu unisomee."

Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Nikusomee tarakimu! Nyie watu bado mpo? Si ndio nyie wa 'ile pesa tuma kwenye namba hii'?" Akakata.

Nilimwelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha mama na shangazi zangu wasimtajie mtu tarakimu hata akijiita nani. Nikapiga tena siku iliyofuata. Safari hii sikuomba kitu. Nilimuuliza tu yuko wapi ili nije mwenyewe anione.

"Niko Muleba," akasema baada ya kufikiri. "Nina mgahawa pale karibu na stendi. Kama wewe ni mkweli, njoo mchana watu wakiwepo. Mwizi wa simu haji na uso wake."

Jumamosi nikaenda. Kutoka Bukoba hadi Muleba si mbali, lakini ile kompyuta ya shule niliipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa. Mgahawa niliupata bila shida. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mtandio umefungwa vizuri, mikono ina unga wa chapati. Nilimwamkia. Aliniangalia kuanzia viatu.

"Kitambulisho," akasema.

Nikatoa cha taifa na cha kazi. Akavisoma vyote viwili, akanirudishia, akaketi mbele yangu.

"Sasa nikwambie," akasema. "Tangu nichukue laini hii sijapumzika. Watu wananipigia wakitafuta mwandishi. Kumbe namba uliiweka kwenye hayo maandishi yako. Mmoja alilia kabisa, anasema ananipa pole ya baba. Pole ya baba gani? Baba yangu yupo, anakula. Nikamwambia mmoja wao, hebu nitumie huo ukurasa na mimi nione mnachotafuta. Nikausoma. Nikawa nasoma kila wateja wakipungua. Halafu siku moja nafungua, hakuna kitu. Nikasema, basi, mwenye namba amekufa."

"Sikufa. Niliufunga."

"Hivyo ndivyo unavyosema wewe." Akainama mbele. "Yule paka wa padri wa Kashozi. Alikufaje?"

Wateja wawili waliokuwa wakinywa chai wakageuka.

"Hakufa," nikasema. "Alihamia kwa masista kwa sababu huko walikuwa wanapika dagaa."

Akapiga kofi mezani, unga ukaruka. "Ni yeye!" akawaambia wale wateja, ambao hawakuwa wameniulizia. "Huyu ndiye mwenyewe!" Akasimama kuniletea chai bila kuniuliza kama nataka.

Tulifungua kompyuta katikati ya vikombe. Nikaandika jina, nikaandika neno la siri, simu yake ikalia. Alikataa kunitajia tarakimu. "Kanuni ni kanuni," akasema, "nitaandika mwenyewe." Akafuta vidole kwenye kanga, akaanza kubonyeza kimoja kimoja kwa uangalifu mkubwa, na alipofika mwisho mtandao ukawa umekatika na tarakimu zimepitwa na wakati. Tukahamia nje, mlangoni, kompyuta juu ya stuli. Tukaomba nyingine. Safari hii nilishikilia juu simu yangu, iliyokuwa ikiipa kompyuta intaneti, ili isikatike, naye akabonyeza, na blogu ikafunguka.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuondoa namba yake pale na kuweka yangu. Cha pili nilishuka hadi kwenye maoni. Yalikuwepo. Herufi zile kubwa, ukurasa baada ya ukurasa, zimezungukwa na matangazo ya mikopo. Nilidhani nitalia, nikakuta sina nafasi ya kulia, nina kazi. Nikaomba mfumo unikusanyie kila kitu: maandishi, picha, maoni. Faili ikaanza kushuka polepole, na sisi tukakaa kwenye mwanga wa mlangoni tukiisubiri. Mama yule alikwenda kugeuza chapati, akarudi, akaenda kupokea hela, akarudi, akasoma jibu moja la baba akichungulia begani kwangu.

"Alikuwa mkali," akasema.

"Sana."

"Lakini anakujibu kila siku. Baba gani anafanya hivyo?"

Faili ilipokamilika niliihamishia kwenye flashi, na nikamwomba niiweke na kwenye simu yake, iwe nakala moja Muleba. Alikubali kwa sharti kwamba nitaandika tena.

Kilichofuata kilichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nililipia anwani yangu mwenyewe, mahali ambapo sitafukuzwa kwa barua pepe moja, na nikaanza kuhamisha. Kila jioni nilichukua andiko moja, nikalisafisha, nikang'oa matangazo kama mtu anavyong'oa magugu kwenye mibuni, nikaliweka mahali pake. Si yote yaliyorudi. Kulikuwa na picha za wanafunzi wangu wakiwa wadogo, ambao sasa ni watu wazima wenye mambo yao, niliziondoa. Kulikuwa na andiko juu ya ugonjwa wa jirani yetu mmoja, nililoliandika kwa mapenzi, lakini ugonjwa ulikuwa wake, si wangu. Nilimpigia kumuuliza. Akasema, "Waitu, mwenzangu, niachie hilo." Nikaliacha lisirudi. Mdogo wangu wa kike nilimwonyesha namna ya kuingia na kila neno la siri, ili nikipatwa na jambo asilazimike kumtafuta mtu Muleba. Na kila lililokamilika nililichapa kwa karatasi kwenye stationari moja mjini, kwa sababu nimejifunza kwamba kompyuta hufa, simu huibiwa, na kampuni hufungwa, kwa hiyo kitu unachokipenda kisikae mahali pamoja.

Rundo la kwanza la karatasi nililipeleka nyumbani Kaagya. Mama haoni vizuri siku hizi. Alikuwa nje akichambua maharage, nikakaa kando yake kumsomea, si maandishi yangu bali majibu ya baba tu, moja baada ya jingine. Alisikiliza bila kuacha kuchambua. Mara nyingine aliguna, mara nyingine alitabasamu. Nikafika pale baba alipomweleza yule mtu wa Tanga kwamba mwaka waliooana alikata nyasi rweya peke yake mpaka shamba lote likafunikwa.

Mikono ya mama ikasimama.

"Soma tena hapo."

Nikasoma.

"Peke yake?" akasema. "Baba yako amedanganya watu. Nyasi nilibeba mimi. Nilibeba na mimba ya kaka yako, yeye akiwa Kashozi kwenye kwaya."

"Sasa nifanye nini, mama? Nifute?"

Alinigeukia kana kwamba nimemtukana marehemu. "Usifute! Nani amekwambia ufute? Mwache alivyosema. Niandikie na mimi, palepale chini yake."

Nikafungua simu. Alisema kwa Kihaya, taratibu, akinisubiri nimalize kila sentensi. Alitaja njia waliyopita kutoka rweya, ukubwa wa mizigo, wanawake aliokuwa nao, na mvua iliyowakuta. Alitaka nimsomee nilichoandika. Nikamsomea. Akabadili neno moja, akaomba nisome tena, akaridhika, akarudi kwenye maharage yake.

"Tuma," akasema.

Nikatuma.