Pumzi Moja Juu ya Kontena

Pale bandarini, jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Watu wote walimwita Pumzi. Kwa miaka ishirini na miwili aliyoendesha kreni, kila kontena alilishusha hadi kimo cha goti, akalisimamisha hewani, akavuta pumzi moja hadi likaacha kuyumba, ndipo akalitua. Hakuwahi kuvunja hata sahani ya mtu.

Mwaka ule wakaja wapimaji wa kasi ya kazi. Kulikuwa na mpango wa reli ya kuunganisha mabara mawili, na kama ingeonekana inafaa kuliko meli, gati lake lingefungwa. Mpimaji mmoja, mwanamama mwenye saa mkononi, alisimama karibu na kreni ya Pumzi.

"Kaka, leo hakuna kuvuta pumzi," msimamizi alimsihi kwenye redio. "Tukizubaa, treni inatumeza!"

"Nimesikia, bosi."

Alisikia yeye, mkono haukusikia. Kontena la kwanza, pumzi. La pili, pumzi. Kufikia la arobaini, redio ilikuwa imenuna.

"Umetuchimbia kaburi," wenzake walimwambia wakati wa chakula.

Miezi mitatu alikula bila hamu. Mkewe alimtania, "Baba Watoto, siku hizi hata kijiko unakisimamisha hewani," naye hakucheka.

Ripoti ilipotoka, msimamizi aliwasomea wote, akirudia mistari kana kwamba haamini macho yake. Meli moja ilibeba shehena ya treni mia moja. Isitoshe, reli za nchi za njiani zilitofautiana upana, hivyo kila kontena lingehamishwa kwa kreni, kutoka treni hadi treni, mara tatu. Na muda wa kila uhamisho ulikuwa umepimwa papa hapa gatini, kwa "mwendeshaji asiyeharibu mzigo." Reli, kama ingejengwa, ingebeba bidhaa za haraka tu. Gati halifungwi.

"Kwa hiyo ile pumzi yangu..." alianza.

"Wameihesabu mara tatu kwenye muda wa treni, kwa kila kontena!" msimamizi akaangua kicheko. "Wewe mtu wewe! Kuanzia leo vuta hata kumi!"

Alipanda ngazi za kreni. Kontena la kwanza akalisimamisha kimo cha goti. Na kwenye redio akasikia watu wazima, gati zima, wakivuta pumzi pamoja naye.