Mama: Mdogo

Fundi hakuwa mtu wa kuogopa karatasi. Kwa miaka saba alikuwa ameweka sahihi yake kwenye kadi ya chanjo, ripoti za shule, ruhusa ya safari ya kwenda kuangalia mamba, na hata barua ya kukiri kwamba mtoto wake alimng'ata mwenzake sikio, ingawa si kwa nguvu. Sahihi yenyewe ilikuwa ndefu, ina mkia, na aliipenda. Kwa hiyo asubuhi ile karani wa hospitali aliposukuma fomu ya ridhaa ya upasuaji chini ya kioo, aliichukua kalamu kwa furaha ya mtu aliyeitwa mbele kutoa hotuba.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi. Kazi hiyo hufanywa na misumari midogo mdomoni, unaitoa mmoja mmoja huku mkono mwingine unavuta kitambaa, na mtu anayeshinda siku nzima amefumba mdomo lazima alipize jioni. Alikuwa na mabega ya mbeba magunia na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyewahi kumtazama akafikiria neno "mdogo".

Mtoto alikuwa wa dada yake. Dada huyo, aliyemzidi miaka mitatu, alikuwa mpishi mkuu katika kambi ya wachimba madini, mbali sana, na alimwacha binti akiwa na mwaka mmoja, kwa miezi sita tu. Miezi sita hiyo ilikuwa imefikisha miaka saba na bado ilikuwa na nguvu zake. Msichana alimwita Fundi "Mama", na yule aliyemzaa alimwita "Mama wa Simu", kwa heshima zote.

Majirani walimwita mtoto Jenereta, kwa jinsi alivyokoroma. Fundi alicheka pamoja nao mpaka alipogundua kwamba jenereta lenyewe huzimika. Pumzi ilikatika kabisa, Fundi akikaa kando ya kitanda akihesabu, moja, mbili, mpaka saba, ndipo ikawaka tena. Daktari alimulika koo akasema mafindofindo yameziba njia, lazima yatolewe. Bingwa wa upasuaji huo alikuja mara moja kila miezi mitatu. Zamu yao ilikuwa leo, na orodha ingefungwa saa nne. Fundi hakuwa tayari kuhesabu miezi mitatu mingine.

Alijaza fomu kwa uangalifu. Penye "Baba" aliandika "aliondoka". Penye "Mama" alisita kidogo, maana hakutaka kuidanganya hospitali. Neno "Mama" lilikuwa limekwisha chapishwa, na yeye alikuwa mama mdogo wa mtoto. Kulirudia neno ni kupoteza wino. Basi kwenye mstari akamalizia tu: "mdogo".

Karani aliisoma, akainua macho kwa huruma bila kumwona aliye mbele yake, akagonga muhuri.

"Chumba namba saba."

"Huko ndiko upasuaji?"

"Huko ni ushauri. Mama wadogo wote wanaanzia huko."

Fundi alifurahi. Kumbe wamekumbukwa! Wametengewa na chumba! Alimkalisha Jenereta kwenye benchi, akamwonya asiguse hata pipi ya mtu, akaenda huku akijiuliza kama baba wadogo nao wana chumba chao, au wao bado.

Ofisa wa ustawi wa jamii alikuwa mwanamke mpole, miwani yake inaning'inia shingoni. Ukutani palikuwa na picha ya msichana aliyevaa sare za shule, amebeba kichanga, na maandishi makubwa: BADO UNA NAFASI.

"Karibu, mama," ofisa alisema. "Mwite binti aingie. Mwambie asiogope, hapa hatugombezi mtu."

"Binti yuko kwenye benchi. Ana njaa, hajala tangu jana."

"Huyo ni mtoto. Mimi namtaka mama yake. Huyu mdogo."

"Ndiye mimi."

Ofisa alivaa miwani. Ilimchukua muda kumtazama Fundi kutoka juu mpaka chini.

"Wewe ndiye mama mdogo?"

"Tangu siku aliyozaliwa."

"Una miaka mingapi?"

"Arobaini na minne."

Ofisa alisoma fomu tena, akaamua kushikamana na utaratibu. "Uliacha shule ukiwa darasa la ngapi?"

"Nani ameacha shule? Nilimaliza, na cheti ninacho!"

"Usikasirike, mama. Na aliyekupa mimba, familia inamfahamu?"

"Mimba gani?" Fundi aliruka, kiti kikalia. "Nimeleta koo, mimba imetoka wapi? Mimi ni mama yake mdogo! Mama yake ni dada yangu, tumbo moja!"

Ofisa akaangua kicheko mpaka miwani ikamdondoka. Fundi naye alicheka, ingawa bado alikuwa na hasira kidogo kuhusu cheti. Walicheka mpaka karani akaja kuchungulia. Kisha ofisa akafuta machozi, akasema bila ubaya wowote:

"Kwa hiyo wewe siye mzazi."

Kicheko kilimkauka Fundi mdomoni.

"Una barua ya ulezi kutoka mahakamani?"

"Mahakamani? Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Ni ya kusema kwamba wewe ndiye unayemlea."

"Kwani nani amesema simlei?"

"Hakuna. Lakini hakuna aliyeandika pia."

Iliuma, na wala hakujikaza kuficha. Miaka saba ya kumwogesha, kumkimbiza hospitali akichemka homa, kumtafutia kiatu cha kushoto kila asubuhi, na ile sahihi yake nzuri yenye mkia haikutosha kumpeleka mtoto mlango wa pili, wa chumba cha upasuaji. Ilikuwa saa tatu na nusu. Alikaa akaikunja mikono yake mikubwa mapajani kama mtu aliyefika kumwona mgonjwa akaambiwa muda umekwisha.

Ofisa alimwonea uchungu. "Mzazi anaweza kuridhia kwa simu, mbele ya mashahidi wawili. Anapatikana?"

Anapatikana akipanda juu ya magunia ya viazi kwenye stoo ya kambi, ndipo penye mtandao. Fundi alipiga mara nne. Ya tano ikaitika. Ofisa akaweka simu mezani, spika wazi. Karani akaletwa awe shahidi wa pili, haya imemjaa, na daktari wa usingizi akaja na orodha ya maswali.

"Wewe ndiye mama mzazi?"

"Ndiye mimi!" sauti ilipaa kutoka kwenye viazi. "Nimeridhia! Mpasueni!"

"Taratibu, mama. Kuna dawa inayomdhuru mtoto?"

"Mdogo wangu, upo? Ipo dawa?"

"Penisilini," Fundi alisema. "Ilimtoa vipele."

"Penisilini," dada alitangaza kwa mamlaka. "Ilimtoa vipele."

"Uzito wake?"

"Uzito... mdogo wangu?"

"Kilo ishirini na mbili."

"Ishirini na mbili kamili."

"Ana jino linalocheza? Likidondokea kooni ni hatari."

Hapo dada hakusubiri msaada. "Hana! Picha aliyonitumia juzi meno yote yamejipanga."

"La chini, kushoto," Fundi alisema polepole. "Linacheza tangu Jumapili."

Chombo kilianguka huko stoo, hakuna aliyekiokota.

"Daktari," dada alisema, sasa kwa sauti ya kawaida, "ridhaa naitoa mimi. Majibu chukueni kwake. Mimi sijui kitu."

Waliandika hivyo hivyo, mashahidi wakatia sahihi, na saa nne kasoro dakika sita Jenereta alisukumwa kupitia mlango wa pili akiuliza kama jino lake watamrudishia.

"Usikate," dada alimwambia Fundi. "Wachimbaji leo watakula watakachokikuta."

Hakukata. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, simu pajani, mmoja akinusa dawa na mwingine akikaa juu ya viazi. Muuguzi alipomwita Fundi, mtoto alikuwa amelala ubavu, anapumua bila kelele, na Fundi alihesabu mpaka saba kwa mazoea, kisha akaacha.

Jenereta alifumbua jicho moja.

"Mama," aliita, sauti inakwaruza.

Fundi alifungua mdomo, akaikumbuka simu mkononi, akasita. Alimsikia dada yake akivuta pumzi aitike, kisha akaiachia.

"Itika wewe," dada alisema.