Mwito wa Mume Wangu Kwenye Honi ya Treni

Kwetu Adumi, kijijini nje ya Arua, kila mtu mzima ana mwito wake. Tunauita cere. Unaupaza ukiwa kilimani, na aliye ng'ambo ya mto anajua: huyo fulani anarudi nyumbani, au huyo fulani amelewa tena. Mwito wa mtu haupigwi na mwingine. Ukiupiga umemtukana, na zamani watu walipigana mpaka damu kwa jambo hilo. Mwenyewe akifa, mrithi wake anaupiga mara ya mwisho kaburini, siku ya kulitia saruji, basi, unalala naye.

Mume wangu alikuwa dereva wa treni ya moshi. Reli haikufika Arua. Waliiahidi mpaka wakachoka kuahidi. Iliishia Pakwach, na sisi tulikaa hapo, kwenye nyumba za reli, mimi nikifua nguo zake zilizonuka mafuta mazito ambayo hakuna sabuni iliyoyaweza. Madereva wa wakati ule kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuvuta honi. Wangu alivuta cere yake. Fupi, ndefu, halafu anaishusha polepole, kama mtu anayeteremka mlima na mzigo kichwani. Treni ikiwa bado mbali, mimi naweka maji motoni.

Wake za wenzake walinicheka. "Huyu mume wako anakuita mbele ya abiria wote, hana haya?"

"Wako akikuita, nani anasikia?" niliwajibu.

Nilikuwa na maringo. Bado ninayo.

Alikufa hapa Arua, mzee, kitandani pake. Wanangu wa kiume walikuwa wametangulia, kwa hiyo mrithi ni mjukuu wangu, mwenye gereji ya malori kule Koboko. Msinisimulie wajukuu wenu. Wangu anaambia watu wazime redio, analisikiliza lori linavyokohoa, kisha anakwambia linaumwa wapi. Babu yake ndiye aliyemtia wazimu wa treni. Tangu mdogo alilishwa habari za boila na mvuke kuliko uji. Alipokuwa mkubwa akawapata kwenye simu watu wanaofufua injini kuukuu, katika mji mmoja wa mbali, upande wa mashariki. Kuna wastaafu, kuna vijana, kuna wazungu wanaopanda ndege ili waje wapakwe masizi. Kila sikukuu alipanda basi kwenda kuisugua injini yao. Alirudi na kola nyeusi kama ya babu yake, na mimi nikafua bila kunung'unika.

Injini ilipopona, wakaitisha siku ya kuiendesha. "Dede, twende," akaniambia. Kilugbara ndivyo kinavyomwita bibi. Nikaenda.

Sitasema uongo, ilikuwa nzuri. Nyeusi, inang'aa, mvuke unatoka chini yake kama pumzi ya ng'ombe asubuhi. Niligusa ubavu wake, ulikuwa na joto, nikaondoa mkono haraka kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja na sipendi kuonekana. Nikakaa kwenye benchi.

Ndipo nikasikia. Fupi, ndefu, kisha inashuka.

Nilikuwa nimeshasimama kabla sijafikiri. Mimi mzee mzima, kwenye stesheni ya watu, natafuta maji ya kuweka motoni.

Ikalia tena. Ikalia tena, safari hii imevunjika katikati. Nikatazama. Wageni walikuwa wamepanga foleni kwenye ngazi ya injini, kila mmoja anapewa zamu ya kuvuta kamba, na dereva anawaelekeza kwa kidole: fupi, ndefu, shusha. Mama mmoja mwenye kofia pana akavuta, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Wenzake wakampiga video.

Nikamwita mjukuu. "Nani aliwafundisha?"

"Ni mimi, dede. Hii injini iko ya babu, ile ile aliendesha. Nilifikiri ninairudishia sauti yake."

"Ile sauti iko ya injini au ya mutu?"

Akageuka kuitazama ile foleni.

"Kaburi hata saruji bado," nikamwambia. "Wewe ndiye mrithi. Mwenyewe hujampigia, umeshawapa hawa wa kofia."

Alikwenda kumwita mkubwa wao, bwana mmoja mpole, ovaroli yake mpya haina hata tone la mafuta. Akainama kunisalimia. "Mama, mzee tunamheshimu sana. Tutaandika jina lake kwenye kibao cha shaba, hapa ubavuni."

"Jina andikeni mnapotaka, jina ni la kuandikwa. Hiyo sauti acheni."

"Lakini wageni wanaipenda sana, mama."

"Hata mimi nilikuwa naipenda."

Akasema watalizungumza kwenye mkutano wao. Mpaka leo wanalizungumza. Wana huruma nyingi hao watu, ila yote wameimalizia kwenye chuma. Chuma kikipata kutu hawalali. Na ile video ilitembea kwenye simu, ikafika Arua kabla ya basi letu.

Tulipoweka saruji kaburini, ukoo wote ulikuja Adumi. Mbuzi walichinjwa. Mjukuu wangu akasimama upande wa kichwa cha babu yake, akatazama kilimani, akaupaza. Fupi. Ndefu. Ana sauti, kijana yule, niliona wazee wanafumba macho. Kisha watoto waliotoka mjini wakaanza: "Ni ile treni ya kwenye simu." Mmoja akaanza kuzungusha mikono kama magurudumu. Watu wazima waliwanyamazisha, lakini wengine wao walikuwa wanatabasamu. Niliwaona na ninawajua.

Mjukuu akafunga mdomo.

"Shusha," nikamwambia.

"Dede, siwezi. Nikishusha, namsikia yule mama wa kofia."

Hakuna mwingine mwenye ruhusa. Wazee walitazamana, mmoja akakohoa, akasema nyama imeiva. Tukala.

Katekista wetu ananiambia nisamehe. Mjukuu nilimsamehe siku ile ile. Hakuiba, alitoa kwa mapenzi, na bado ndiye bora kuliko wajukuu wote wa Adumi. Lakini mume wangu yuko kule kilimani, ameachwa juu ya mteremko na mzigo wake kichwani. Na huko mashariki, kila sikukuu, mgeni asiyejua Arua iko wapi anavuta kamba na kumshusha.