Mstari wa Tatu

Fundi huyu wateja wake walimwita Chaki, naye aliitika. Kibanda chake cha kutengeneza baiskeli kilikuwa mjini, pale inapoanzia njia ya lami ya waendesha baiskeli. Nyumba yake ilikuwa kitongojini, pale inapoishia. Katikati ni kilomita kumi na mbili zilizowekwa juu ya tuta la reli ya zamani. Njia imenyooka, haina magari, na ina mteremko mmoja tu wa maana, ule unaopita chini ya daraja la barabara kuu. Kwa miaka kumi na minne Chaki aliipita mara mbili kwa siku, na aliwahi kusema angeweza kuiendesha akiwa amefumba macho.

Jina lilitokana na utaratibu wake. Baiskeli ikiingia kibandani, aliichora mistari ya chaki kwenye siti. Mstari wa kwanza, magurudumu yamekaguliwa. Wa pili, mnyororo na pedali. Wa tatu, breki. Mteja akikuta mistari mitatu alichukua chombo chake akaenda, hata kama fundi ametoka kunywa chai. Hakuna aliyeuliza. Watu waliweka roho zao juu ya mistari ile, na fundi aliyaelewa hayo vizuri kuliko wao. Ndiyo maana kosa lake halina jina jingine ila kosa.

Mume wa dada yake mdogo alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule ya mjini. Naye alipita njia ile ile kila siku, na akimkuta shemeji yake mbele alipiga kengele mara mbili, akanyamaza kidogo, kisha mara moja. Kri-kri. Kri. Hapo Chaki alisogea kushoto, na mwalimu akampita huku akimcheka.

Alasiri moja ya mawingu mwalimu alifika kibandani kuchukua baiskeli yake, iliyokuwa ikibadilishwa nyaya za breki.

"Shemeji, mimi ndiye ninayefundisha, halafu Chaki uitwe wewe. Huoni wamekosea?"

"Hawajakosea. Wewe unaandika na kufuta. Mimi nikiandika sifuti."

"Haya, andika basi niende. Mama yangu ana miadi na daktari, ameshanipigia simu mara mbili. Wewe unaibembeleza baiskeli kama bibi harusi!"

Chaki alicheka. Waya wa breki ya mbele alikuwa ameuvuta na kuukaza nati kwa vidole tu, bado spana. Ili kumtuliza shemeji yake alichukua chaki, akachora mstari wa tatu, akainama kutafuta spana. Mteja mwingine akamwita nje, pampu yake imekwama. Hakuchukua hata dakika mbili. Aliporudi, mwalimu alikuwa ameondoka. Mistari ilikuwa mitatu, angesubiri nini?

Chaki alisimama na spana mkononi. Simu yake ilikuwa mfukoni. Alijiambia, "Nitamkagulia kesho," akamrudia mteja wa pampu.

Manyunyu yalianza muda mfupi baadaye. Kwenye mteremko mwalimu alishika breki, waya ukachomoka, baiskeli ikamshinda ikampeleka kwenye nguzo ya daraja. Waliokuja kuchunguza waliona lami iliyolowa na mtu aliyekuwa akiwahi nyumbani. Wakaandika: mwendo wa kasi. Baiskeli ililetwa kwa Chaki, maana ingepelekwa kwa nani? Akauona waya uliochomoka na nati iliyolegea, akaifunika kwa turubai nyuma ya kibanda. Katika mazishi alibeba jeneza upande wa mbele.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Chaki ilikuwa kilomita kumi na mbili, na kila asubuhi ilimbidi aipite.

Wiki ya pili baada ya mazishi, akikaribia mteremko, alisikia nyuma yake: kri-kri. Kri. Akasogea kushoto kabla hajafikiri. Hakupita mtu. Aligeuka, njia ilikuwa tupu hadi macho yanapoishia. Kesho yake vilevile. Akabadili saa ya kutoka, akaisikia. Akaziba masikio kwa pamba, akaisikia. Asubuhi za umande aliona alama ya tairi moja mbichi ikitangulia mbele yake, nyembamba, imenyooka, ikishuka hadi kwenye nguzo na kuishia hapo.

Mama mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi ya baiskeli alimkuta amesimama ukingoni.

"Baba, unampisha nani?"

"Kuna mtu nyuma."

"Nyuma ni mimi peke yangu, na mimi sina kengele."

Alijaribu kupanda basi. Lakini hata basi lilipita juu ya daraja lile, na kutoka dirishani aliiona njia ikiwa chini, imelowa, inasubiri. Akarudi kwenye baiskeli.

Kengele peke yake pengine angeizoea. Mtu huzoea hata jino bovu. Asichoweza kuzoea ni maneno ya dada yake. Dada hakumsamehe marehemu. Kila Chaki alipokwenda kumjulia hali, wimbo ulikuwa mmoja: "Alinijua mimi? Aliwajua watoto? Alijua mwendo tu. Mtu mzima anakimbizana na mvua!" Picha ya mume wake aliigeuzia ukutani. Na mama wa marehemu, aliyekuwa akiishi humo humo, hakuwa tena mtu wa maneno. Siku ile alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, amekaa kitini na mkoba mapajani, anampigia mwanawe simu awahi. Tangu hapo hakuishika simu tena. Mkwewe akianza kulalamika, yeye aliinamisha kichwa kama mshtakiwa.

Chaki aliyaona yote hayo, akanywa chai yao, akaaga. Mwaka mzima. Woga wa namna hiyo huvaa nguo ya huruma: mtu hujidai ananyamaza asije akawaumiza wengine.

Kisha dada yake akaja kibandani.

"Kaka, ile baiskeli bado unayo?"

"Ninayo."

"Itengeneze. Mpwa wako amepata chuo huku mjini. Nauli ya kila siku sitaiweza, na njia ipo."

"Dada, ile... ile ina mkosi."

"Mkosi gani? Baiskeli haikuwa na kosa. Mwenye kosa ni aliyeipanda."

Alipoondoka, Chaki alitoa turubai. Alinyoosha rimu, akabadilisha tairi, akatia mafuta mnyororo. Akachora mstari mmoja, akachora wa pili. Kisha akashika ile nati. Ingemchukua nusu dakika: kuuvuta waya, kuukaza, basi, na ushahidi wote ungekwisha duniani. Mpwa wake angeshuka mteremko salama, na baba wa mtoto angebaki mzembe milele, kwa kauli ya mkewe, mbele ya wanawe.

Aliweka spana chini. Akafunga kibanda saa nne asubuhi, akaipakia baiskeli kwenye pikapu ya jirani, akaenda kwa dada yake.

Aliwakuta sebuleni, dada akikunja nguo, mama mkwe kwenye kiti chake. Aliiegemeza baiskeli mlangoni, hakukaa.

"Breki sikuikaza," alisema. "Nilichora mstari kabla ya kazi. Akaona iko tayari, akaichukua. Niligundua palepale, na sikumpigia simu. Nati hii hapa, njoo uishike mwenyewe."

Dada yake hakwenda kuishika. Shati la mtoto lilikuwa mikononi mwake, nusu limekunjwa.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ile."

"Umekula hapa," alisema polepole. "Umekaa kiti kile, unanisikiliza nikimtukana mume wangu. Unaitikia, 'pole dada.' Kaka, ulikuwa unaitikia!"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Nisikupikie?"

Ndipo mama wa marehemu aliponyanyua kichwa. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukosa kutumiwa.

"Mwanangu alishika breki?"

"Alishika, mama. Waya ulichomoka."

"Hakuwa anakimbia kwa ajili ya simu yangu?"

"Hapana, mama. Akimbie asikimbie, breki haikuwepo."

Bibi alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kisha akauhisi uchungu wa mabega. Dada alikwenda ukutani akaigeuza picha, akaegemeza paji la uso kwenye kioo chake, akamwomba radhi mumewe kwa jina la utani ambalo Chaki hakuwahi kulisikia.

"Mama," alisema Chaki, "nisameheni."

"Hilo ni la siku nyingine," bibi alijibu. "Leo si siku yako. Leo nimerudishiwa mtoto. Toka nje, baba, tumlilie vizuri."