Nilivyotengeneza search ya email Katubuka, siku Mama Anesia alipokuja kuuliza kwa mara ya mwisho

Wakuu, nawasalimu wote, mnaochangia na mnaopita kimya kimya.

Leo nawaletea jambo lililonitokea mimi mwenyewe, hapa Kigoma, miaka ile kambi za wakimbizi zimejaa na magari ya mashirika ndiyo yanatimua vumbi mji mzima. Majina ya watu nimebadilisha. Yaliyobaki ni kama yalivyokuwa, wala sina haja ya kutia chumvi.

Mimi ni fundi kompyuta. Wakati huo nilikuwa na kibanda Gungu, napiga window kwenye kompyuta, nachapa kazi za watu, natoa virusi kwenye flash za wanachuo.

Asubuhi moja nikapigiwa simu na Dada Yustina. Huyu alikuwa karani kwenye ofisi moja ndogo pale Katubuka, iliyokuwa inawasaidia wakimbizi kutafuta ndugu waliopotezana nao vitani. Email zinaingia kutoka nchi jirani, fulani anamtafuta fulani. Mtu akija kuuliza, Yustina anaandika jina kwenye search ya ile programu ya email, kisha anampa jibu.

"Fundi, hii email yangu imeanza ukiziwi," akaniambia. "Bosi kanitumia ujumbe juzi, nimeusoma kwa macho yangu. Leo naandika jina lake kwenye search inaniambia hakuna. Njoo uniangalizie."

Nikapanda bodaboda, nikaenda.

Nafika, nakuta mama mmoja amekaa kwenye benchi mle ndani ya ofisi, kitenge kakifunga vizuri, mkoba uko mapajani. Umri kama wa mama yangu mdogo. Nikamsalimia shikamoo, halafu nikaongeza "mwakeye", salamu yetu Waha. Akacheka kidogo. Wenye kujua wanajua, Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo Mrundi ukimsalimia Kiha unaona uso unafunguka.

Yustina akanitambulisha. "Huyu ni Mama Anesia. Ametoka kambini, ana kibali cha kuja hospitali ya mkoa. Kila akija mjini lazima apite hapa kumuulizia mdogo wake."

"Na leo?" nikauliza.

"Nimemtafutia tayari. Hakuna."

Mama Anesia akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeshazoea. Alikuwa anasubiri gari la kumrudisha kambini jioni, na mle ndani hakuna jua.

Nikakaa kwenye kompyuta.

Sasa kwa wale wasio watu wa IT, niseme kidogo. Ukitafuta kitu kwenye email, kompyuta haipekui ujumbe mmoja mmoja. Inaangalia kitu kinaitwa index, kama zile kurasa za mwisho za kitabu zinazokuonyesha neno fulani liko ukurasa wa ngapi. Index ikiwa mbovu, kitabu chote kipo, maneno yote yamo, ila wewe unaambiwa hakuna.

Nikafanya jaribio la kwanza ambalo hata wewe unaweza kulifanya. Nikafungua inbox, nikashuka chini kwa mkono, nikachagua ujumbe wowote wa zamani, nikakariri neno moja ndani yake. Nikaliandika kwenye search.

Hakuna.

Nikachukua mwingine wa mwezi tofauti. Hakuna. Nikaizima programu nikaiwasha. Hakuna. Nikahakikisha haitafuti kwenye folda moja tu. Wapi.

Nikamwambia Yustina, "Dada, hii haijaharibika leo. Ina muda mrefu hii."

Nyuma yangu nikasikia Mama Anesia anauliza, sauti ya chini sana.

"Mwanangu, kwa hiyo hiyo mashine ikisema hakuna, si kweli kwamba hakuna?"

Wakuu, niligeuka nikamwangalia Yustina. Huyu dada ni mcheshi, hakosi neno. Siku hiyo alishika meza kwa mikono miwili akawa anaiangalia ile screen kama imemtukana.

Nikajibu, "Mama, inawezekana ipo, inawezekana haipo. Ila hii mashine kwa sasa haijui."

Halafu akatueleza jambo ambalo hata Yustina alikuwa halijui.

Wazee wa ukoo wao kule kambini walikuwa wameamua yatosha. Mdogo wake hajasikika tangu wakimbie, na wengi waliokuwa kando ya ziwa siku ile walikufa maji. Kwa hiyo Jumamosi ya wiki hiyo wataanua matanga, watamhesabu miongoni mwa marehemu, basi. Yeye alikuwa ameomba kitu kimoja tu: wamwache aje mjini aulize mara ya mwisho.

"Nimeshauliza," akasema. "Nikirudi nitawaambia hakuna. Ila sasa unasema haijui."

Nikavua koti.

Nikaingia kwenye mipangilio ya index. Kumbe ilishasimama zamani. Disk ilikuwa imejaa pomoni, video za harusi za mfanyakazi aliyekuwapo kabla zimelala humo, hakuna hata upenyo. Nikazihamishia kwenye disk ya nje. Nikaiwasha index upya, nikajaribu. Hakuna vilevile!

Hapo jasho lilinitoka. Nikakagua tena taratibu. Nikaja kugundua kuna mtu alihamisha faili kubwa linalobeba email zote kutoka disk C kwenda D ili kupata nafasi, lakini index yenyewe ilikuwa bado inaangalia pale pa zamani. Kama mtu anayegonga hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Nikaielekeza pa kwenda, nikabonyeza rebuild. Maana yake ianze kusoma kila ujumbe upya, tangu wa kwanza. Na ofisi ile ilikuwa na email za miaka.

Tukaanza kusubiri.

Umeme ukakatika. Kigoma ya wakati ule mnaikumbuka. Betri ya akiba ya kompyuta, iliyo chini ya meza, ikaanza kupiga kelele, mlinzi akakimbilia jenereta, ikakohoa, ikawaka. Nikashukuru Mungu kazi haikuanza upya.

Mchana Yustina akaagiza ugali na samaki migebuka, wa kutosha watu watatu. Mama Anesia mwanzoni alikataa, akasema ameshiba. Yustina akamwekea sahani mbele bila kubishana, akamnawisha mikono mwenyewe. Wakala wote wawili sahani moja. Sikuwahi kumwona Yustina akila na mteja.

Ndipo mama akatueleza. Walikuwa Rumonge, ng'ambo kule, upande wa Burundi. Mitumbwi inapakia watu, risasi zinalia nyuma, kila mtu anasukuma. Wameshikana mkono yeye na mdogo wake. Halafu hawajashikana. Mtumbwi wake ukaja huku Kigoma. Alikokwenda mdogo wake hakujua, wala kama alipanda mtumbwi wowote.

"Ni mimi nilimwachia," akasema. "Mtoto alikuwa anateleza mgongoni, nikarudisha mkono kumshika."

Yustina akamsogezea kipande kikubwa cha mgebuka.

Jua lilipoanza kupungua ukali, ile namba ya email zilizobaki kusomwa ikafika sifuri. Nikaandika jina la bosi. Zikamwagika email za bosi, nyingi mpaka Yustina akapiga makofi.

Nikaandika Anesia na jina lake la pili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha kambi.

Hakuna.

Nikaandika jina la mdogo wake, Sesilia. Wakaja akina Sesilia wengine kabisa, mmoja mtoto, mwingine bibi wa Kikongo. Nikaandika jina lake la Kirundi. Kumbukeni Warundi ndugu wa tumbo moja wanaweza wasiwe na jina la ukoo linalofanana hata kidogo. Nalo hakuna. Nikabadilisha R kuwa L, nikaandika Kifaransa, Seseliya, Cécile, kila namna.

Mama Anesia akasimama, akajifunga kitenge vizuri. "Asante mwanangu. Umehangaika. Gari litaniacha."

Wakuu, nilikuwa nimeishiwa. Ila nikajiuliza, mtu akiwa mbali, anamwelezea mtu baki habari za dada yake, atamtaja kwa jina la kwenye kitambulisho?

"Mama, subiri. Yeye alikuwa anakuitaje? Nyumbani, mkigombana, mkichota maji."

Akashangaa swali. "Ananiita Bukuru. Si ni mapacha sisi."

Jamani! Mimi ni mtoto wa Simbo, kijijini kwetu mapacha wamejaa. Kwetu Waha na kwao Warundi pacha wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi. Muda wote huo amesema "mdogo wangu", na sisi tukajua mdogo wa kupishana miaka. Yeye hakuona cha kueleza, kwake lilikuwa jambo la kawaida.

Nikaandika Bukuru na Butoyi pamoja.

Zikaja mbili.

Zote zimetoka sehemu moja, kituo cha kanisa kwenye bandari kule Zambia, mwisho wa ziwa kusini. Ya kwanza ilikuwa imeingia zaidi ya mwaka nyuma. Ya pili ilikuwa ya kuulizia kwa nini ile ya kwanza haijajibiwa; hakuna aliyejibu, maana majina hayo hayakuwa kwenye orodha yoyote ya ofisi. Zimeandikwa Kiingereza na mtu ambaye ni wazi hakujua Kirundi, lakini alisikiliza vizuri. Yustina akaisoma ile ya kwanza kwa Kiswahili, taratibu:

"Tunaye mwanamke anaitwa Butoyi. Anamtafuta Bukuru wake. Walipotezana Rumonge mitumbwi ikipakia. Bukuru ana kovu la mawese ya moto kwenye kiwiko cha kushoto, aliungua wakiwa watoto."

Mama Anesia hakupiga kelele. Alikunja mkono wa blauzi mpaka juu, akatuonyesha kiwiko kama vile sisi ndio tulikuwa tunataka uthibitisho. Kisha akakaa chini sakafuni, si kwenye benchi.

Chini ya email kulikuwa na namba ya simu. Yustina akapiga kwa simu ya ofisi. Mwaka mzima umepita, mtu anaweza kuhama, anaweza kuugua.

Ikaita. Akapokea mwanaume. Kiingereza kidogo, Kibemba kingi. Yustina anarudia neno moja tu, Butoyi, Butoyi, Butoyi. Yule mwanaume akasema, ah, Butoyi, yuko sokoni anauza dagaa, pigeni tena baadaye kidogo namtuma mtu.

Wakati huo gari la kambini lilikuwa limeshafika nje, dereva anapiga honi. Mlinzi akatoka kumbembeleza. Sijui alimwambia nini, ila honi ilinyamaza.

Tukapiga tena. Safari hii simu ilipokelewa hata kabla haijaita vizuri. Yustina akaiweka sauti ya juu, akamkabidhi mama.

"Bukuru?"

"Ego. Ni jewe," mama akajibu. Ndiyo, ni mimi.

Unasikia pumzi tu, za huku na za kule, na kelele za soko kwa mbali.

Wa kwanza kusema alikuwa Butoyi. Kirundi chao nilikielewa karibu chote. Alisema, "Nisamehe. Ni mimi nilikuachia mkono. Niliona watu wanakuvuta, nikaogopa utazama kwa ajili yangu, nikaachia."

Mama Anesia akawaka. "Wewe acha uongo! Ni mimi niliyekuachia, mtoto alikuwa anateleza!"

"Bukuru, ni mimi."

"Nimesema ni mimi!"

Wakabishana, wakuu. Watu waliolia miaka yote hiyo, kila mmoja kivyake, sasa wanagombea kosa kama watoto wanaogombea kipande cha muhogo. Mpaka wakaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio. Yustina akatoka nje. Mimi nikajifanya naangalia waya za printer.

Nilivyosikia baadaye, Jumamosi ile watu walikusanyika kambini kama walivyopanga, chakula kilikuwa kimeshaandaliwa. Wakala, wakaimba, ila matanga hayakuanuliwa. Mama Anesia alirejea Burundi kambi zilipoanza kupunguzwa watu, na Butoyi akapanda meli kumfuata huko. Nasikia wanalima pamoja.

Yustina naye hakupumzika. Kwa wiki kadhaa tulirudia pamoja majina ya watu aliowahi kuwajibu vibaya bila kujua. Wengine tuliwapatia ndugu. Kuna baba mmoja tulimpatia habari ya msiba, akashukuru hata hivyo, akasema sasa anajua pa kuelekeza dua. Wengine hatukuwapatia kitu mpaka leo. Sitawadanganya kwamba wote walicheka.

Nilichojifunza ni hiki. Search ikikuambia hakuna, kwanza ipime kwa kitu unachojua kipo. Ikishindwa hapo, tatizo ni index: angalia nafasi ya disk, angalia inasoma faili lipi, kisha rebuild na uwe na subira. Usimpe mtu jibu la kumvunja moyo kwa sababu tu screen imeandika hivyo.

Na ukimtafuta mtu, muulize anayemtafuta walikuwa wanaitanaje wakiwa jikoni. Hilo jina haliandikwi kwenye kitambulisho chochote.

Uwanja ni wenu wakuu. Mwenye swali la kiufundi aulize, nitajibu ninachojua. Na kama kuna mtu unamtafuta mpaka leo, andika hapo chini jina alilokuwa anakuita. Humu tunapita wengi.