Mgomba Nyuma ya Kanisa

Nesi wa Kiayalandi hupiga mluzi kila mikono yake mikubwa inapofanya kazi. Kila Jumatatu huja Sidab, mji wa pwani ya Waarabu, kumtazama Bi Nasriya aliyevunjika mguu, na huishia kuchora kijiji cha kwao juu ya plasta: njia moja, mto, kanisa, kondoo, nyumba ya mamake, mvua kila pahali.

"Mvua yote hiyo na mgomba hamna?" Bi Nasriya, aliyehama Unguja baada ya mapinduzi, alimuuliza kwa Kiarabu. Nesi akamchorea mmoja nyuma ya kanisa.

Siku ya kuikata plasta, mkasi ulipokaribia mlango wa nyumba ya mama wa nesi, Bi Nasriya akaushika. "Hapo hupiti, mwanangu. Nnakwambia, zunguka."

Nesi alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akakata taratibu kufuata mto, na mgomba ukabaki mzima.