Jike Asiyetaka Kutazamwa

Baba alipokuwa kijana aliondoka Handeni akaenda Nairobi kutafuta kazi, akapata ya kutunza farasi wa mbio. Alikaa huko mpaka ndevu zikaanza kuota mvi. Tajiri wake alipozeeka na kufunga mabanda, alimpa majike wawili ambao mbio zilikuwa zimewashinda lakini uzazi bado wanao. Baba akawaleta kwa lori mpaka Kwedizinga, kwenye shamba aliloachiwa na babu, akawajengea mabanda yenye nyavu madirishani kwa sababu ya mbung'o. Dume hatukuwa naye. Kila walipohitaji kupandishwa walirudishwa Kenya kwa lori, na watoto wao tuliwakuza na kuwafundisha wenyewe.

Kwa majirani tulikuwa kioja. Mmasai mmoja aliyezoea kupitisha ng'ombe karibu na kwetu alisimama siku moja, akaegemea fimbo yake, akamhoji baba.

"Maziwa yake mnakunywa?"

"Hapana."

"Nyama?"

"Hatuli."

"Analima?"

"Halimi."

"Sasa mzee, unafuga nini?"

"Mbio," baba akamjibu.

Yule bwana akamtazama farasi, akamtazama baba, akaondoka akitikisa kichwa. Mimi nilikuwa darasa la tano, na maswali yake niliyaona ya maana kabisa.

Swali langu mwenyewe lilimhusu jike mmoja, yule mwekundu mwenye mguu mmoja mweupe. Alikuwa ameshazaa mara mbili hapo kwetu na hakuna aliyemwona akizaa. Mara zote mbili baba alimlinda, akaenda kunawa uso tu, na aliporudi akakuta mtoto yuko chini.

"Porini jike anayezaa hawezi kukimbia," baba alinieleza. "Kwa hiyo husubiri mpaka asiwepo wa kumtazama. Huuzuia uchungu kabisa."

"Anauzuiaje?"

"Hapo sijui, mwanangu."

Kwamba kuna jambo la farasi ambalo baba halijui kulinikosesha raha. Yule jike alipobeba mimba ya tatu nikaapa kwamba nitaona. Kwa bahati likizo ilikuwa imeanza. Chuchu zake zilipoanza kutoa matone kama nta, dalili kwamba kuzaa kumekaribia, nilihamia nyuma ya banda, nikawa nachungulia kwenye tundu la ubao. Alikuwa akila, kisha anaacha, anageuka na kulitazama lile tundu moja kwa moja, kana kwamba ananiuliza nina shida gani. Kaka yangu naye akaning'iniza simu yake kwenye wavu imrekodi. Ikaisha chaji kabla ya chochote kutokea.

Ndipo ukaja msiba Kwaluguru, baba na mama wakaenda kuzika. Mimi na kaka tukatumwa maji kisimani. Nyumbani akabaki bibi, mama yake baba, ambaye tangu farasi walipofika hakuwahi hata kuwasogelea. Alikuwa akisema mnyama wa kimo kile hana budi kuwa na hasira. Lakini asubuhi ile kivuli kizuri kilikuwa kando ya uwa wa majike, basi akatandika mkeka wake pale, akawapa mgongo, akaanza kupukuchua mahindi.

Tulikuwa tunarudi na ndoo tuliposikia anaita. Tuliziacha njiani tukakimbia. Bibi alikuwa ndani ya uwa, amepiga magoti majanini, kanga imelowa mpaka kiunoni. Mbele yake kalala mtoto wa farasi, miguu mirefu imekunjamana, na bibi anambandua ngozi nyembamba iliyomfunika pua. Yule jike amesimama juu yake, anamnusa kilemba.

Kaka akashika lango.

"Kaa hapo hapo!" bibi akamwambia. "Usimtie hofu."

Mtoto hakuwa anapumua. Bibi akamsugua mbavu kwa upindo wa kanga, kisha akachuma jani kavu akalichomeka taratibu kwenye tundu la pua. Tulisubiri. Mtoto akapiga chafya, akatikisa masikio, na mimi nikajikuta nalia.

Baba aliporudi alisimama langoni, akamtazama mtoto. Akasema, "Mama, umemgusa farasi?"

"Nimemgusa. Leteni maji ninawe."

Jioni ile sikumwacha bibi apumzike.

"Alianzaje?"

"Nikasikia kishindo. Kugeuka, kalala chini. Basi nikageukia mahindi yangu."

"Bibi! Kwa nini hukutazama?"

"Mwenzio anajifungua, wewe unamkodolea macho? Nikaendelea. Halafu nikaona kimya kimezidi. Kutazama, mtoto katoka na mfuko wake, haujapasuka."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa sana. Lakini mbuzi nimewapasulia vile tangu ujana wangu. Nikasema, akinipiga teke na anipige."

Kuanzia hapo niliacha kuchungulia. Nilikuwa nakaa uwani na madaftari yangu, mgongo kwa yule jike, nasoma. Baada ya muda pumzi ya moto ilinijia shingoni. Nilipogeuka aliondoka. Nilipotulia alirudi.

Mtoto alikuwa jike pia. Alipokomaa, kaka alimfundisha kubeba mtu, akawa anamkimbiza alfajiri kwenye njia ya udongo kando ya michungwa, na sauti ya kwato ilitufikia jikoni kabla hatujamwona. Akanunuliwa, akachukuliwa Nairobi. Siku ya mbio zake za kwanza familia nzima tulikwenda Masuguru kwa shangazi, ambako mtandao haukatiki, tukasongamana mbele ya simu moja. Alitoka nyuma, akapenya ukingoni, akamaliza wa tatu. Baba alipiga kelele hadi majirani wa shangazi wakaja kuuliza kuna nini.

Bibi aliomba arudishiwe picha tangu mwanzo. Akaitazama yote, uso karibu na kioo.

"Wameanzia hapa," alisema, "wamezunguka, wamerudi hapa hapa. Sasa walikuwa wanakwenda wapi?"

Baba akaanza kumweleza. Shangazi akatenga wali, ukapoa, baba bado anaeleza, anachora duara mezani kwa kidole, na bibi kila mara anamrudisha nyuma: "Ngoja kwanza, baba. Farasi wenyewe wameambiwa wanashindana?"